Shangazi, Kijisanduku cha Mekapu na Miaka 300,000 ya Kujipaka Rangi

Wifi yangu hajanipigia simu wiki ya tatu sasa. Kosa langu ni kijisanduku cha mekapu cha shilingi mia nane.

Stori ni hivi. Mpwa wangu, binti ya kaka yangu, alitimiza miaka kumi mwezi uliopita. Nilikuwa nimelipwa na tangazo moja dogo (ndiyo, hata sisi wa kontenti ndogo hulipwa mara moja moja), nikashuka tao, nikaona kijisanduku cha rangi ya waridi chenye kioo, lipglosi nne, rangi za macho kumi na mbili, poda ya uso na brashi mbili. Hakikuwa na jina la kampuni wala nembo ya KEBS. Niliona hilo na sikujali. Nikakifunga kwa karatasi ya zawadi, nikapanda matatu hadi Rongai, nikala keki, nikapiga picha na mtoto, nikaenda zangu. Picha ilipata laiki si haba.

Kabla sijaondoka, mtoto alifungua ile poda, akaiweka kando ya mkono wake, akaniuliza, "Shangazi, hii ni ya nani?" Poda ilikuwa rangi ya chapati mbichi. Yeye ni mweusi kama mimi. Nilicheka tu. Nikamwambia, "Ni yako, mama."

Siku ya tatu kope zake zilikuwa zimevimba hadi jicho moja halifunguki. Wifi alimkimbiza kliniki, akapewa dawa, na baada ya siku nne akapona, shukrani kwa Mungu. Lakini jioni ile simu ilikuwa moto. Wifi hakupiga kelele. Alisema maneno machache: "Ulimletea mtoto kitu, ukaenda." Kisha kaka yangu akamnyang'anya simu, na yeye akahubiri nusu saa nzima. Kwamba mekapu si mila yetu. Kwamba haya ni mambo ya wazungu na TikTok. Kwamba zamani msichana wa Kiafrika alikuwa na uso aliopewa na Mungu, akaolewa nao, akazikwa nao.

Sasa, mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea ualimu, Historia na Kiswahili. Karo iliisha, hamu nayo ikaisha, sitaki kuingia huko leo. Lakini chuo kiliniachia ugonjwa mmoja: mtu akisema "zamani" mbele yangu, lazima niulize zamani ya lini. Kwa hivyo wiki hizi tatu za kununiwa nimezitumia kusoma. Kaka, kama unasoma hii, kaa chini.

Tuanzie barabara unayoishi. Ukitoka Rongai ufuate barabara ya Magadi, upite Kiserian, uteremke Bonde la Ufa, utafika Olorgesailie. Wengi tulipelekwa huko na basi la shule, tukala mkate na soda, tukarudi bila kusikia lolote. Mwaka wa 2018 watafiti wa Smithsonian wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walitangaza walichopata pale: vipande vya mawe ya rangi, nyeusi na nyekundu, vya kama miaka 300,000. Kipande kimoja chekundu kina matundu ambayo mtu aliyatoboa akitafuta unga. Kama walijipaka usoni au walipaka ngozi za wanyama, jiwe halisemi. Lakini kuna mtu aliyekaa chini, kwenye barabara ya kwenda kwa kaka yangu, akasaga rangi. Wazungu hawakuwepo. TikTok pia.

Na mnaijua Olkaria? Pale stima yetu ya mvuke inapotoka, karibu na Naivasha. Hilo jina ni la Kimaasai, na maana yake ni udongo mwekundu, ule ule ambao Wamaasai na Wasamburu wamechanganya na mafuta wakajipaka kichwani na mwilini vizazi na vizazi. Na wanaojipamba kwa udongo huo kuliko wote ni morani. Wanaume. Kwa hiyo kila ukichaji simu, kuna uwezekano mkubwa unatumia moto wa mahali palipoitwa kwa jina la mekapu ya wanaume. Hiyo nilimtumia kaka yangu kwenye WhatsApp. Tiki mbili za bluu, hakuna jibu.

Halafu kuna Pwani, na hapa ndipo nilikaa sana, kwa sababu huko suala la kumpa msichana vipodozi lina utaratibu wake. Mtoto mchanga hupakwa wanja machoni na kwenye nyusi, na wengine huwekewa doa jeusi kwenye paji la uso ili kijicho kipotee njia. Msichana mdogo hupakwa hina Idi ikikaribia, na anakaa mikono juu kama amekamatwa na polisi mpaka ikauke. Lakini mapambo makubwa, yale maua ya piko kutoka vidoleni hadi kiwikoni, singo ya kusugua mwili, liwa ya kupaka usoni, hayo yaliwekewa bibi harusi na wake za watu. Msichana hakuyachukua tu. Alikabidhiwa, na aliyemkabidhi alikuwa somo wake.

Somo, kwa wale wa bara wenzangu, ni mwanamke mzima, mara nyingi si mama mzazi, anayemchukua mwali anapovunja ungo na kumfundisha mambo yote ambayo mama huona haya kuyasema. Usafi, mwili, wanaume, jinsi ya kuketi na watu. Vipodozi vilikuwa ndani ya mafunzo hayo. Uganda wana kitu kinachofanana na hicho, na hiki kilinichoma zaidi: kwa Waganda kazi hiyo ni ya ssenga, na ssenga ni nani? Dada ya baba. Shangazi. Yaani mimi.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko kwenye kitabu tulichosoma chuoni. Karibu mwaka wa 1858, huko Siu, kisiwa cha Pate, mwanamke aliyeitwa Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa. Alijua hatakaa sana, na kweli alikufa miaka michache baadaye. Alikuwa na binti, Mwana Hashima. Basi akamtungia utenzi mrefu wa mawaidha, na katikati ya dini na adabu na jinsi ya kukaa na mume, anamweleza namna ya kujipamba. Manukato, bangili, hina, wanja. Mama anakufa, na katika mambo machache anayotaka kumwachia mwanawe, wanja umo.

Nisiwadanganye, sikubaliani na Mwana Kupona kwa kila kitu. Kwake mapambo yote yanaelekea kwa mume. Mke ajipambe ili mume atulie. Wasichana wa darasa letu walizozana na huo utenzi wiki nzima na mhadhiri alifurahi sana. Lakini hata ukizozana naye, huwezi kusema mama wa Kiafrika wa zamani hakumpa bintiye vipodozi. Alimpa, tena kwa mashairi.

Basi hotuba ya kaka yangu ilitoka wapi? Niliitafuta, na nadhani nimeipata. Haitoki kwa mababu. Inatoka miaka ya 60.

Mwaka wa 1966 Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu, alitoa Song of Lawino, na ilichapishwa papa hapa Nairobi. Lawino analalamika kwamba mumewe, Ocol, amemwacha kwa ajili ya Clementine, msichana wa mjini mwenye midomo myekundu na poda usoni. Watu wengi wanakumbuka hiyo sehemu ya kumcheka Clementine, na hapo ndipo wanapochukua ile hoja ya "uso wa asili". Soma tena. Lawino hasemi wanawake wa kwao hawajipambi. Anajisifia mafuta yao, nywele zao na mapambo yao ya ngoma. Ugomvi wake ni mapambo ya nani yanahesabiwa kuwa uzuri. Hilo ni swali tofauti kabisa, na ni zuri zaidi. (Na ndiyo, nimeona kwamba mwanamke anayesema yote hayo aliandikwa na mwanamume. Tutaongea siku nyingine.)

Miaka miwili baadaye wanasiasa wakaingia. Mwaka wa 1968, Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, wigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua ni marufuku. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, Oktoba 1968, vijana wa kiume walikuwa wanawavamia wasichana Kariakoo, Dar es Salaam, kwa sababu ya mavazi yao. Yote kwa jina la utamaduni. Uganda, 1972, Idi Amin akapiga marufuku sketi fupi. Na msifikiri sisi Wakenya tuko safi: Novemba 2014 wanawake walivuliwa nguo hadharani hapa Nairobi mchana kweupe, mpaka wengine wakaandamana wakisema mavazi yangu ni chaguo langu. Nilikuwa shule ya msingi. Mathe alinikataza kuvaa sketi yangu ya Jumapili nikienda tao, na sikuelewa kwa nini.

Kwa hiyo kila nikisikia mwanamume akisema uso wa msichana ni mila, nasikia pia hao vijana wa Kariakoo. Kaka yangu si mtu mbaya. Ameazima tu hotuba bila kuangalia mwenyewe ni nani.

Lakini sasa nisimame hapa kidogo, kwa sababu nikiishia hapo nitakuwa nimeshinda kaka yangu na kumkwepa wifi.

Katika ile orodha ya Operesheni Vijana kuna kitu kimoja ambacho hata mimi ningekitupa: krimu za kujichubua. Miaka ile ya 60 na 70 matangazo ya krimu kama Ambi yalikuwa kwenye magazeti ya Afrika Mashariki na Kusini, na picha zake ziliuza ndoto moja: ngozi nyepesi, kazi nzuri, mpenzi mwenye gari. Krimu za namna hiyo zilitengenezwa kwa zebaki, baadaye kwa haidrokwinoni, na zikaacha wanawake na madoa ambayo hayakuondoka. Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi mwaka wa 1990. Hapa kwetu pia imekatazwa, na bado ukitembea tao utaiona imepangwa kwenye kaunta kama peremende.

Sasa rudi kwa mtoto wa miaka kumi ameshika poda ya rangi ya chapati mbichi anauliza, "Hii ni ya nani?" Lilikuwa swali la Lawino kabisa. Kijisanduku changu kilikuwa kinamwambia kile ambacho yale matangazo yaliwaambia nyanya zetu: uso wako haumo humu. Na mimi nikacheka.

Si kwamba rangi zetu haziwezekani kutengenezwa. Suzie Wokabi, msanii wa mekapu Mkenya, alianzisha SuzieBeauty hapa nyumbani akiwafikiria wateja wa hapa. Rihanna alipozindua Fenty Beauty Septemba 2017, alianza na faundesheni za rangi 40, na kampuni kubwa zilizokuwa zikisema weusi hawanunui zikaanza kukimbia nyuma yake. Fenty ilifika madukani Kenya rasmi Mei 2022. Kwa bei yake mimi huiangalia tu na kusalimia. Lakini vile vijisanduku vya watoto vya bei ya chini, vile ambavyo msichana wa Rongai au Kayole hupata kwanza maishani, bado vinakuja na poda ya chapati.

Na hatujafika kwenye kilichovimbisha kope.

Ngoja niwape historia moja ya Marekani, itarudi Mombasa sasa hivi. Mwaka wa 1933 kulikuwa na rangi ya kope ikiitwa Lash Lure. Unaenda saluni, unapakwa, kope zinabaki nyeusi wiki kadhaa. Ndani yake kulikuwa na kemikali inayoitwa kwa kifupi PPD. Macho ya wanawake yalivimba na kuoza. Mmoja alipofuka, mwingine akafa. Serikali haikuweza kuitoa sokoni, kwa sababu sheria iliyokuwepo, ya 1906, ilihusu chakula na dawa. Vipodozi havikuwemo. Ilichukua hadi 1938 kupata sheria mpya, na Lash Lure ikawa kati ya vitu vya kwanza kukamatwa.

PPD hiyo hiyo ndiyo iko kwenye ile rangi nyeusi ya nywele ya unga. Na ile rangi ya nywele ndiyo mafundi wengi huchorea piko. Hina ya majani hutoa rangi ya chungwa kwenda kahawia. Haiwezi kuwa nyeusi ti peke yake. Ukiona "hina" nyeusi imeshika kwa nusu saa, uliza ndani kuna nini, hasa kama mkono ni wa mtoto. Kuna watoto wanaobaki na alama ya maua kama mtu aliyechomwa na pasi.

Wanja nao? Wanja wa jiwe wa tangu Misri ya kale ulitengenezwa kwa madini yenye risasi, na sehemu nyingine bado unatengenezwa hivyo. Mtoto hujipangusa jicho, halafu hulamba kidole. Mwaka wa 2011, Boston, mtoto mchanga alikutwa na risasi nyingi kwenye damu, na madaktari wakaifuata mpaka kwenye wanja wa tiro uliotoka Nigeria. Wazazi wake walimpaka kwa mapenzi, vile walivyopakwa wao. Na usikimbilie vya dukani ukidhani umepona: Machi 2019 mamlaka ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba mekapu kadhaa zilizouzwa kwenye maduka ya wasichana wadogo zilikuwa na asbesto, yale madini ya mapaa ya zamani, kwa sababu poda nyingi hutengenezwa kwa talki na talki huchimbwa mahali asbesto ipo.

Kwa hiyo hoja ya kaka imeanguka, ya wifi imesimama. "Ulimletea mtoto kitu, ukaenda." Yeye hakusema mila. Hakusema wazungu. Ukiangalia vizuri, alichonilaumu ni kwamba sikuwa somo. Somo hakuacha kopo mlangoni akapanda matatu. Alikaa siku nyingi na yule mwali. Angeona jicho linaanza kuwasha. Angesikia lile swali la poda, na angelijibu.

Na sitaki kuwapamba wale wanawake kupita kiasi, maana mengine waliyofundisha ni uvumilivu ambao mimi singemfundisha mtu. Lakini mikono yao ilikuwa pale. Mpwa wangu, kinachomfundisha kujipaka ni video za sekunde thelathini za watoto wa nje wakipanga krimu za kuondoa mikunjo. Mikunjo, miaka kumi! Uswidi, mwaka wa 2024, mnyororo mmoja wa maduka ya dawa ulikatiza kuwauzia krimu kali za kuzuia uzee walio chini ya miaka 15. Huku kwetu wa kumwambia "hiyo acha" ni nani? Wifi anatoka kazini saa mbili usiku. Kaka anahubiri. Mimi napiga picha.

Wale wa rika langu mnakumbuka tulivyoanza. Arimis mdomoni mpaka inang'aa, kijiti cha kiberiti kilichochomwa kwa ajili ya nyusi, halafu kuosha haraka kwa mfereji kabla mwalimu wa zamu hajafika. Hatukuwa wa kwanza: Maybelline yenyewe husimulia kwamba ilianza 1915 baada ya Tom Lyle Williams kumwona dada yake, Mabel, akichanganya Vaseline na unga wa makaa kwa ajili ya kope. Dada alikuwa na akili, kaka akafungua kampuni. Najua familia nyingine za namna hiyo.

Jana jioni nilimpigia wifi. Nilikuwa nimejiandaa na Olorgesailie, Mwana Kupona, kila kitu. Alipokea, akanyamaza. Nikasahau yote, nikasema, "Wifi, nisamehe. Ningekaa."

Akasema jicho limepona kabisa. Akasema kile kijisanduku amekitupa, ila mtoto ameficha kioo chini ya mto na yeye amejifanya hajaona.

Nikamwambia Jumamosi nataka kuja, nishinde. Nilete hina ya majani, ile ya unga wa kijani isiyochanganywa na kitu, nimjaribu kwanza kidogo nyuma ya mkono tungoje hadi siku ya pili tuone. Na nimwambie ile poda haikuwa yake, na kwa nini.

"Kwa hiyo utalala?" akauliza.

"Nitalala."

"Sawa. Uje na unga pia, umeisha. Na shuleni hina inakubaliwa?"

Hilo sikuwa nimefikiria. Nikamwambia tutapaka miguuni, chini ya soksi.